PAA NI LA NANI?

Neno "hewa" limenichosha. Hapa Bariadi, kila anayesikia kwamba fulani anataka kununua ghorofa moja katika jengo la watu wengi jibu lake ni moja: "Anakwenda kununua hewa huyo." Analisema mzee mwenye zizi, analisema kijana wa bodaboda pale stendi, na juzi nimemsikia mwalimu mzima wa sekondari akilisema huku akicheka mpaka chai inamwagika. Eti nyumba ni ardhi. Eti ukinunua kitu ambacho chini yake anaishi mtu mwingine na juu yake anaishi mtu mwingine, umeuziwa upepo.

Nasema hivi: wanaosema hewa hawajui wanachokisema, na ubaya wao haukomei hapo. Kelele zao zinalifunika swali lenyewe. Wakati ukoo mzima unabishana kuhusu hewa, dalali anakaa kimya anakunywa soda yake, maana anajua kwamba hakuna atakayemwuliza habari ya paa.

Nieleze kwa nini jambo hili linaniwasha. Mjomba wangu, ambaye kwa upande wa mama ndiye mkubwa wetu sote, anataka kununua ghorofa ya juu katika jengo dogo la zamani pale Uhindini, Mwanza. Ni jengo la ghorofa mbili juu ya maduka. Chini maduka mawili, katikati nyumba mbili, juu nyumba mbili: wenye mali sita. Juu kabisa, kwenye ukuta wa mbele unaosimama kama kilemba cha bwana harusi, wamechora mwaka 1936. Ngazi ni moja, ya zege, imelika katikati kama jiwe la kusagia. Ili anunue, itabidi auze ng'ombe sitini na kiwanja kilichoko karibu na barabara ya lami. Mabinti wawili na mdogo wao wa kiume watakaa humo wakisoma, na baadaye itapangishwa. Hizo ni ng'ombe za ukoo, si zake peke yake, na mahari za vijana watatu zimo humo humo. Mimi ni mmoja wa hao vijana. Sasa msomaji umeelewa kwa nini sicheki.

Niwamalize kwanza watu wa hewa, kwa sababu ni wepesi.

Mnasema mmenunua ardhi. Nani amewauzia? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais anaishika kama mdhamini wa wananchi. Wewe mwenye kiwanja kilichopimwa pale Somanda, na hati yako ya rangi uliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni, una haki ya kukikalia kwa miaka iliyoandikwa humo: 33, au 66, au 99. Ikiisha unaomba tena. Kama kushika kitu kwa muda na kwa masharti ni kushika hewa, basi sote tumeshika hewa, na mwenye ghorofa ya pili ametuzidi tu kwamba hewa yake iko juu, inapuliza vizuri zaidi.

Tena mambo haya si mageni kama mnavyodhani. Nendeni Mombasa, mtaa wa Majengo, muulize maana ya "nyumba bila ardhi". Watu wamejenga, wamezaa, wameuziana na kurithishana nyumba kwa vizazi, na ardhi chini yake ni ya mtu mwingine anayepokea kodi yake. Waulizeni masheikh wa pwani: fiqhi imezungumza tangu zamani haki za mwenye juu na mwenye chini, nani atengeneze dari ambayo kwa mwenzake ndiyo sakafu. Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1804 ilikuwa na kifungu chake kuhusu nyumba ambayo kila ghorofa ina mwenyewe. Iliagiza kwamba kuta kuu na paa vitengenezwe na wote, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya ghorofa yake, na hata ngazi ikagawanywa, kila mtu na kipande kinachompandisha kwake. Mwaka 1804! Hapo Mwanza ya kizungu ilikuwa bado miaka karibu 90. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya kumiliki sehemu ya jengo mwaka 1987, wakaiandika upya mwaka 2020. Sisi ya kwetu ni Sheria Namba 16 ya mwaka 2008. Inampa mtu hati yake mwenyewe ya sehemu yake ya jengo, anayoweza kuiuza, kuirithisha au kuiweka rehani benki bila kumwomba jirani ruhusa. Hati ya namna hiyo ukiipeleka benki hawatakuambia ni hewa. Watakuuliza thamani yake.

Basi hewa imeisha. Mzee mmoja katika kikao chetu, baada ya kuelezwa haya yote, alinyamaza kidogo halafu akaniuliza: "Ng'wanawane, na siku mjomba wako akifa, utamzika ghorofa ya pili?" Watu walicheka. Mie sikucheka sana, kwa kuwa huyo mzee peke yake aliuliza jambo la maana. Kwetu Ntuzu kaya ni zizi, ni ua wa minyaa, ni makaburi ya waliotangulia. Ghorofa haina hayo na haitakuwa nayo. Ninachomjibu ni kwamba hakuna anayehama kaya. Makaburi yatabaki yalipo na mjomba atalala kwa baba zake. Ghorofa ya Mwanza ni mali kama mashine ya kukamua alizeti ilivyo mali, na hakuna mtu aliyewahi kuomba azikwe kwenye mashine.

Tena nina neno jingine kwa wanaosema kwamba Uhindini si pahala petu. Jamani, majengo yale yalijengwa na nini? Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kilichokuwa kinapakiwa kwenye yale mabehewa ni pamba. Pamba ya nani? Ya Usukuma. Kabla ya akina Paul Bomani kuunganisha vyama vya wakulima na kuunda ile Victoria Federation katikati ya miaka ya 1950, mkulima alikuwa anauza kwa mwenye duka na mwenye jineri, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Babu zetu waliobeba mafurushi kichwani walikuwa wanaijua mizani ile kwa machozi. Faida ikaenda mjini ikawa zege, ikawa roshani yenye nakshi, ikawa mwaka uliochorwa juu ya paa. Siwatukani walioyajenga, walikuwa wafanyabiashara na biashara ndiyo ilivyokuwa. Ila mtoto wa pamba akipanda ngazi ile kwa fedha yake mwenyewe, asiambiwe kwamba amekwenda ugenini.

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe, na hapa ndipo ninapogombana na watu wa pili, wauzaji.

Majengo haya ya zamani ya mijini yana historia ya kuchanganya, na mtu asiyeijua ataingia shimoni akidhani anapanda ngazi. Mwaka 1971 Serikali ilitunga sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000. Karibu majengo 3,000 yalichukuliwa nchi nzima, mengi mno yakiwa ya Wahindi, yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Fidia ilipimwa kwa umri wa jengo, na jengo lililozidi miaka 10 halikulipwa kitu. Maana yake ni kwamba machoni pa sheria ile jengo la mwaka 1936 thamani yake ilikuwa sifuri. Mwaka 1990 Msajili wa Majumba alivunjwa, mali zake zikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo leo, katika mtaa mmoja wa Uhindini, unaweza kukuta jengo la Shirika, linalofuata ni la familia iliyobaki nalo, linalofuata ni la warithi kumi na moja waliotawanyika Uingereza na Canada, na la nne ni la mtu aliyenunua juzi. Kwa nje yote yamefanana, rangi ileile iliyobanduka.

Ndani ya msitu huo dalali anatembea kwa raha zake. Ipo biashara inaitwa kilemba. Mpangaji wa muda mrefu anayelipa kodi ndogo anakuachia nyumba, unampa fedha nene ya shukrani, unaingia wewe. Ulichonunua ni nafasi ya kuwa mpangaji. Hujanunua tofali wala dirisha. Nimesikia kwa masikio yangu dalali akimweleza mtu kilemba kwa lugha ambayo neno "nunua" lilitajwa mara sita na neno "kodi" halikutajwa hata mara moja. Ipo na biashara ya karatasi: jengo zima lina hati moja, kwa jina la mtu mmoja, naye amewauzia watu sita vipande sita kwa mikataba sita ya kuchapwa, kila mmoja ana mhuri wa wakili, na hati ile moja imelala kabatini kwake. Siku akikopa benki kwa hati hiyo, benki haiwajui ninyi sita. Inamjua yeye.

Mjomba alipouliza kuhusu hati, jibu la dalali lilikuwa hili: "Mzee, hapa hakuna shida, watu wote wa humu ni waungwana." Uungwana! Mimi nauheshimu uungwana, ila sijauona ukiandikishwa kwa Msajili wa Hati.

Haya, tuseme hati ipo. Tuseme jengo limegawanywa kwa sheria ya 2008, ramani imechorwa, kila mtu ana hati ya sehemu yake. Sasa hapo ndipo paa linapoingia, na naomba msomaji twende polepole.

Unaponunua sehemu ya jengo unapata vitu viwili. Kimoja ni chumba zako, kutoka ukuta mpaka ukuta. Cha pili ni fungu lako katika vitu ambavyo si vya mtu: paa, msingi, kuta za nje, ngazi, korido, mabomba yanayoshuka, uchochoro wa nyuma. Sheria inataka wenye sehemu wawe na chama chao, na chama hicho ndicho kitunze mali hiyo ya pamoja, kila mmoja akichangia kwa kadiri ya fungu lake. Maandishi mazuri kabisa. Ila maandishi hayapandi juu kuziba tundu.

Chukua jengo kubwa la wenye mali mia moja. Mmoja akigoma kuchangia, pengo lake ni moja kwa mia, wengine wanalibeba huku wanamsema. Chukua sasa jengo letu la watu sita. Mmoja akigoma, sehemu ya sita ya paa haina fedha, na hakuna fundi anayeezeka sehemu tano kati ya sita. Wakipiga kura, tatu kwa tatu, jambo limekufa. Wakikosana wawili, robo tatu ya jengo haisalimiani, maana ngazi ni moja na kila mtu ana ndugu yake upande mmoja. Watu wanadhani udogo wa jengo ni usalama, kwamba watu wachache ni rahisi kuelewana. Waulize wake wawili wa bwana mmoja kama uchache ni maelewano.

Na maslahi yenyewe hayafanani. Paa likivuja, mwenye duka la chini anauza mabati na misumari, hana habari. Maji yanaanza kwa mjomba ghorofa ya juu, yanamlowesha yeye kwanza. Mwaka wa pili yanafika katikati. Ikifika yanashuka dukani, ukuta umekwisha kunywa miaka mitatu na gharama imeshakuwa mara nyingi zaidi. Lakini mwenye duka ndiye mwenye fedha! Fungu lake ni kubwa, biashara yake iko barabarani, na yeye ndiye wa mwisho kuloweka. Msingi ukititia ndipo atakapokimbilia juu kugonga mlango, na huko juu mjomba naye ataweza kumjibu kwamba msingi hauko kwake. Hivi ndivyo majengo yanavyokufa. Hayauawi na uzee. Yanakufa yakisubiri mchango.

Anayedhani natia chumvi atazame Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa, familia kadhaa zikaingizwa katika nyumba moja iliyojengwa kwa ajili ya bwana mmoja na watu wake. Kodi ilikuwa kidogo, na paa halikuwa la mtu. Baadaye nyingi ziliuzwa, zingine ni za Wakfu, zingine za warithi wengi. Mamlaka ya kuuhifadhi mji huo iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika urithi wa dunia. Sifa zote hizo, na bado mvua haisomi kibao cha UNESCO. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu boriti ina urefu wake na haiongezeki. Maji yakiingia juu, boriti inaoza pale ilipochomekwa ukutani, pahala ambapo jicho haliioni. Siku inapokatika inakuja na ukuta.

Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, jumba lililokuwa na umeme na lifti watu wengine wakiwa bado na vibatari, sehemu yake ilianza kuanguka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, likaporomoka upande wa mbele na kuua watu wawili. Hilo lilikuwa la Serikali, lina mwenyewe mmoja na macho ya dunia nzima yako juu yake. Sasa pima jengo lenye wenyewe sita ambao wawili hawasalimiani.

Nina ugomvi pia na mafundi wetu, ingawa wao nitawasema kidogo tu maana hawana wa kuwafundisha. Ukuta wa zamani wa chokaa unapumua: unanyonya unyevu na kuutoa. Fundi akija anaona ufa, anapiga saruji. Saruji inaziba, unyevu unabaki ndani, chokaa inageuka unga, na baada ya mvua mbili ile plasta nzuri inadondoka na nusu ya ukuta. Kwenye majengo ya zege kama la mjomba ugonjwa ni mwingine. Maji yakifika kwenye nondo, nondo zinashika kutu, kutu inavimba, na zege inapasuka kutoka ndani. Ukiona chini ya roshani zege imebanduka na chuma chekundu kinachungulia, usikubali kuambiwa ni rangi imechoka. Mjomba alionyeshwa roshani hiyo akiwa amesimama juu yake. Nilimwomba ashuke barabarani atazame kwa chini. Alitazama muda mrefu.

Lipo kundi la tatu, nalo ni la vigogo na vijana wenye haraka: vunja, jenga kioo. Kwao jengo la zamani ni uchafu unaokalia kiwanja cha bei. Na sheria haiwazuii sana. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayatambua moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baada ya hapo mpaka yatangazwe moja moja. Haya, Mwanza ya Wajerumani ilianza miaka ya 1890. Maana yake duka la mwaka 1936 haliko katika hesabu hata likisimama mpaka kiyama. Kilwa ina ulinzi, na ni haki yake. Mtaa uliojengwa kwa pamba yetu hauna.

Nao hao watu wa vioo nawakumbusha tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam. Jengo jipya la ghorofa 16, likiwa bado linajengwa, lilianguka na kuua watu 36. Halikuwa na umri hata wa mtoto wa chekechea. Na Novemba 2024 pale Kariakoo jengo jingine likawaangukia wafanyabiashara wakiwa kazini. Kwa hiyo asije mtu akaniambia upya ni usalama. Jengo la mjomba limebeba watu kwa zaidi ya miaka 80, limepigwa na mvua za ziwa, na hesabu yake ya waliouawa ni sifuri. Pale Dar es Salaam hiyohiyo Boma la Kale la enzi za Sultani Majid lilikarabatiwa, na mwaka 2017 likafunguliwa kuwa kituo cha kuonyesha historia ya majengo ya jiji. Kumbe inawezekana, akipatikana mtu wa kulipa na mtu wa kujibu.

Na sisi waandishi je? Humu humu katika kurasa za vijana nimesoma hadithi nyingi za mjini, na nyumba zetu ni mbili tu. Ipo jumba la kifahari lenye geti, mbwa na mzee fisadi, na kipo chumba kimoja cha kupanga chenye pazia na msichana kutoka kijijini. Kati ya hizo mbili hakuna kitu. Hatujaandika ngazi. Hatujaandika watu sita wasiochaguana ambao wamefungwa pamoja na bomba moja la maji machafu kwa miaka 30. Mimi naiandika riwaya yangu kwa daftari, iko ukurasa wa 140, na nakiri kwamba tangu habari hii ya Mwanza ianze mhusika wangu mkuu amehama jumba la geti bila kuniaga. Lakini hilo ni langu.

Turudi kwa mjomba. Sijamwambia asinunue. Waliosema nampinga wamenisingizia. Nimemwambia asinunue chumba kabla hajanunua paa, na paa halinunuliwi kwa dalali, linanunuliwa kwa majirani watano. Nimemwandikia maswali kwenye karatasi ya mstari akaondoka nayo. Hati ni ngapi, moja au sita? Kwa jina la nani, na imebakiza miaka mingapi? Haiko rehani? Chama cha wenye sehemu kipo, kimeandikishwa, kilikaa lini mara ya mwisho? Mfuko wa matengenezo una shilingi ngapi leo, na nani anaweka saini? Nani hajalipa? Paa liliezekwa mwaka gani, na nani alipanda juu kulitazama? Mwenye duka la chini yuko tayari kutia saini kwamba paa linamhusu?

Hilo la mwisho ndilo lililoleta moto. Dalali alikasirika, akasema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo na mnunuzi. Namsadiki kabisa. Mwenye duka mmoja alisema atatia saini. Wa pili alisema kwanza aone wa juu wamelipa madeni ya maji. Wa katikati upande wa kushoto yuko Canada, simu yake inaita tu. Na anayeuza, ambaye ndiye anayejua vizuri kuliko wote kinachovuja na pahala kinapovujia, alimwambia mjomba kwa sauti ya upole kwamba watu wa Bariadi tumezidi maneno.

Tumezidi, ndiyo. Kwetu mtu akinunua ng'ombe anamfungua mdomo, anahesabu meno, anamtembeza, anamtazama akinywa maji, na mwenye ng'ombe hakasiriki. Sasa kitu cha bei ya ng'ombe sitini kinawezaje kununuliwa kwa kutazamwa mlangoni?

Kwa watu wa Halmashauri na wa Ardhi nina ombi moja fupi. Majengo haya ya zamani yenye wenyewe wengi mnayajua, kodi ya jengo mnaidai. Basi mkidai kodi ulizeni na chama. Jengo lisilo na chama cha wenye sehemu lisiruhusiwe kuuza hata choo mpaka wakae, watoe mchango wa kwanza, na waandike kwenye ubao pale mlangoni nani kalipa na nani hajalipa. Aibu ni askari asiyelipwa mshahara.

Mjomba amerudi Mwanza mara ya tatu, safari hii na fundi kutoka Nyakabindi aliyewahi kuezeka jineri, na ngazi ya kamba. Ng'ombe bado hawajauzwa. Wanaobisha niliyosema waandike kupitia kwa mhariri, kurasa zipo, hasa nyinyi mnaoishi katika majengo hayo, Mwanza, Tanga, Dar au Unguja. Mkiandika, nianzieni na jambo moja dogo: ngazi yenu inafagiliwa na nani?